Picha Isiyo na Kosa

Mjomba wangu anafundisha udereva, kwa hiyo duniani hakuna mtu anayejua kuendesha gari isipokuwa yeye. Ukimpakia kwenye gari la mtu mwingine, anakaa kiti cha nyuma na mguu wake wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Wanafunzi wamembandika jina la Vioo, maana neno hilo analitaja kuliko jina la mke wake. "Vioo, mama. Vioo, kaka. Umeangalia vioo?"

Mimi ni mpwa wake na karani wa shule yake. Naandikisha wanafunzi, napokea simu, napanga nani anapanda gari saa ngapi, na nawabembeleza waliogonga koni. Ofisi yetu ni chumba kimoja: meza mbili, ubao wa alama za barabarani, na dirisha linalotazama uwanja wa mazoezi. Nyuma ya ofisi kuna darasa la viti kumi na viwili, na viti hivyo ndivyo vilivyonitia matatani.

Mwalimu wa alama za barabarani alikuwa amestaafu, na tangu aondoke Mjomba alikuwa anafundisha yote mwenyewe, asubuhi alama na mchana gari, mpaka ikifika jioni sauti imekwisha anazungumza kwa mikono. Nafasi ile mimi niliitaka. Sikuitaka kidogo. Nilikuwa nikibaki peke yangu naingia darasani, nashika fimbo ya kuonyeshea, naviuliza viti, "Alama hii ina maana gani?" Vilikuwa viti vyenye adabu sana, havikubisha hata siku moja.

Mjomba alilijua hilo. Siku moja akaniita.

"Darasa jipya linaanza baada ya wiki tatu," alisema. "Mpaka sasa lina wanafunzi wawili, na mmoja ni yule fundi viatu aliyefeli mara mbili. Wewe si unao huo ukurasa wa shule mtandaoni? Nijazie viti kumi na viwili, darasa la alama nakupa."

"La kudumu?"

"La kudumu."

"Na fimbo?"

"Na fimbo, mpwa wangu. Mradi uwe na cha kuonyesha nayo."

Hilo la mwisho nilidhani ni utani. Mimi na Mjomba utani wetu hauna likizo.

Nikafanya kosa la kumwambia mama jioni ile ile. Kufikia asubuhi majirani wa pande tatu walikuwa wananiita mwalimu. Upande wa nne ni ukuta.

Sasa, ukurasa unakula picha. Mjomba alitaka mbili kila siku, moja asubuhi na moja jioni, kama dawa ya kikohozi. Utasema, si upige tu hapo uwanjani? Haiwezekani. Kwenye uwanja wa Mjomba simu haiingii, hata yake mwenyewe anaiacha mezani. Nilimwomba dakika tano tu. Akaniambia, "Siku ukiniona nimesimama na simu karibu na gari linalotembea, ujue nimeshakufa na huyo ni mtu mwingine." Isitoshe, mwanafunzi gani anataka apigwe picha akiwa amepanda juu ya koni?

Basi ikawa picha zitoke mtandaoni. Siku mbili nilizitafuta mwenyewe. Unaandika "mwanafunzi wa udereva," unaletewa mtoto wa darasa la tatu na basi la shule. Unaandika "gari la kujifunzia," unaletewa gari la plastiki. Mgongo ukaniuma, simu za ofisi zikaita mpaka zikachoka, na fundi viatu nikamwandikisha mara ya pili nikidhani ni mtu mpya.

Rafiki yangu mmoja akanionea huruma, akanipa namba ya msaidizi wa mtandaoni. Ni dada anayefanya kazi za ofisi za watu akiwa nyumbani kwake, mji mwingine kabisa. Anampangia daktari miadi, anamjibia barua mwenye nyumba za kupangisha, na wote hao hawajawahi kumwona uso. Nikampa kazi ya picha. Maelekezo yangu yalikuwa mstari mmoja: tafuta picha nzuri za watu wanaoendesha gari kwa furaha, ziwe zile zinazoruhusiwa kutumiwa bure. Akanijibu kwa aya tatu. Alinishukuru, akanihakikishia, akauliza maswali saba.

Nikajibu yote kwa mpigo: "Wewe leta tu."

Kesho yake akaleta ishirini, nzuri mpaka unataka kuzilamba. Nilimfungulia Mjomba kwenye kompyuta meno yakiwa nje.

Akavaa miwani, akavuta kiti. Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anayecheka, dirisha limeshushwa, nywele zinapepea.

"Hii hapana."

"Kwa nini, Mjomba? Ana furaha."

"Anamtazama nani? Barabara imehamia kiti cha abiria?"

Ya pili, kijana mwenye mkono mmoja kwenye usukani. "Wa pili ameuacha nyumbani?" Ya tatu, usukani uko kushoto. "Gari hili si la kwetu. Mwanafunzi akikaa upande wetu, nani anaendesha?" Ya nne haikuwa na dereva kabisa, ni gari tu limeegeshwa mlimani jua likizama. Nikasema moyoni, hapa leo atanyamaza.

"Magurudumu yameelekea wapi?" akauliza.

"Mbele."

"Kwenye mteremko? Likiteleza linakwenda wapi?"

"Mjomba, liko ndani ya picha. Haliwezi kuteleza."

"Ndivyo walivyosema wote waliofuata magari yao mtoni kwa miguu."

Nikaruka hadi ya kumi, ambayo ilikuwa barabara tupu, lami nyeusi, miti huku na huku. "Hapa hakuna gari," nikasema. "Hakuna dereva, hakuna mkanda, hakuna kioo. Nani amekosea?"

Akaisogelea skrini. "Aliyepiga picha amesimama wapi?"

Nikatazama. Mstari mweupe ulikuwa unakuja moja kwa moja mpaka chini ya picha.

"Katikati ya barabara," nikasema kwa sauti ndogo.

"Na mstari wenyewe haujakatika. Tumtangaze na huyo?"

Zote ishirini zikarudi zilikotoka.

Nilimwandikia msaidizi yote aliyoyasema Mjomba, nikitegemea atanuna. Hakununa. "Asante sana dada kwa maoni. Naomba kufahamu, kwenye mteremko magurudumu yaelekee upande gani?" Mimi nitajuaje? Nikamrushia Mjomba swali. Mjomba akajibu kwa sauti, dakika sita, nikamrushia msaidizi zile dakika sita bila kuzisikiliza. Kesho yake yakaja maswali mengine: mikono ikae wapi kwenye usukani, mkanda upite wapi begani, kioo cha pembeni kionyeshe kiasi gani cha gari lenyewe. Nikawa bomba. Maswali yanapanda, majibu yanashuka, na ndani ya bomba halikubaki hata tone.

Siku ya tano ndipo Mjomba alipoipitisha picha ya kwanza. Alikuwa mama wa makamo, mikono miwili kwenye usukani, mkanda umekaa, macho mbele, uso hauna hata chembe ya tabasamu.

"Huyu," alisema, "ni dereva."

"Mjomba, huyu anaonekana kama anapelekwa mahakamani."

"Iweke."

Nikaiweka. Walioipenda walikuwa watatu, mmoja mama yangu.

Wiki ya pili ilianza viti vikiwa vinne, nami kichwa kinawaka moto. Mjomba alikuwa ananiita kila nusu saa: mwambie dada yako hivi, muulize dada yako vile. Dada yangu. Mtu ambaye sijui hata ana urefu gani. Mwisho nikachoka. Nikampa msaidizi namba ya Mjomba, nikamwambia Mjomba, "Zungumzeni wenyewe kwa wenyewe. Mimi nina kazi ya kujaza viti." Kazi yenyewe ilikuwa kukaa karibu na daftari la kuandikishia na kulitazama.

Wakazungumza. Mungu wangu, wakazungumza. Saa nne, wakati Mjomba anakunywa chai, simu ilikuwa inaita, naye anapanga vitu mezani huku amebana simu kwa bega. "Kikombe ndio mzunguko wa barabara. Wewe ni stepla, unakuja kutoka huku. Mimi ni boksi la chaki, nimeshaingia. Nani anapita?" Anasikiliza. "Ehee. Na kwa nini?" Anasikiliza tena, nyusi zinapanda. "Safi kabisa."

Nimekulia mikononi mwa mtu huyu na safi kabisa yake sijawahi kuipata.

"Mjomba, huyo unamfundisha kutafuta picha au kuendesha stepla?"

"Anauliza ili aelewe," alisema. "Kuna watu wa namna hiyo."

Nikacheka. Sikuona kwamba kombora limenilenga mimi.

Siku hiyo hiyo msaidizi aliniandikia. "Dada, niweke na maelezo mafupi chini ya picha?"

"Weka."

"Nikutumie kwanza uyapitie?"

"Ya nini? Weka tu." Nikampa na neno la siri la ukurasa, ili asinisumbue tena. Nilijisikia kama mtu aliyetua gunia.

Na kweli mambo yakanyooka. Alikuja mpishi kuandikishwa, akaja fundi umeme, wakaja mapacha wawili ambao kila mmoja alisema mwenzake ndiye asiyejua kuendesha. Kila aliyeingia aliutaja ukurasa. "Tunafuatilia maelezo yenu," walisema, nami nainamisha kichwa kwa unyenyekevu, najibu, "Tunajitahidi." Viti saba, viti tisa. Alhamisi vikafika kumi na kimoja. Mama alishanitolea kitambaa cha suti, amekipeleka kwa fundi, na fundi naye ananiita mwalimu. Nikaingia darasani nikaifuta fimbo vumbi.

Ijumaa, saa tano hivi, akaingia mwanamke amevaa sare za uuguzi, mkoba begani. Mjomba alikuwa dirishani na kikombe chake cha chai.

"Kiti bado kipo?" aliuliza.

"Kimebaki kimoja, kinakusubiri wewe," nikasema, nikafungua daftari. Nilitamani kumkumbatia.

"Kabla sijaandika, nina swali," alisema akikaa. "Mimi na mume wangu tumebishana jana mpaka chakula kimepoa. Ile picha yenu ya mzunguko. Gari jeusi limeshaingia, jeupe ndio linafika. Mume wangu anasema jeupe lipite kwa sababu limetoka barabara kubwa. Mimi nikamwambia umesoma vibaya. Sasa nataka nilisikie jibu kwa mwalimu mwenyewe, nimpigie hapa hapa asikie. Ni wewe unayeandika?"

Mjomba aligeuka kutoka dirishani, anatabasamu. Uso wake ulisema: huyo, mtoto wa dada yangu.

"Ni sisi," nikasema.

"Basi nani anapita?"

Nikatafuta kichwani. Nilikumbuka kikombe. Nilikumbuka stepla. Kwamba boksi la chaki lilikuwepo nilikumbuka vizuri sana. Kilichofuata hapo sikukumbuka, kwa sababu nilikuwa nimekaa pembeni nacheka.

"Inategemea," nikasema.

"Inategemea nini?"

"Inategemea... nani ametangulia kupiga honi."

Muuguzi alinitazama kama wanavyomtazama mgonjwa anayesema hajisikii chochote. Akatoa simu, akaufungua ukurasa wetu, akasoma: "'Aliyeko ndani ya mzunguko ana haki. Wewe unayeingia, simama umpishe anayekuja kutoka kulia kwako, hata kama barabara yako ni kubwa kama uwanja.' Si umeandika wewe?"

"Nilikuwa nakupima," nikasema.

Mjomba akakiweka kikombe dirishani. "Na mimi nikupime wewe," aliniambia taratibu. "Picha ya jana asubuhi ilikuwa na nini?"

Nikafunua kurasa za daftari, kana kwamba picha imo humo.

"Ya juzi?"

Ukurasa wenyewe nilikuwa sijaufungua kwa siku tisa. Ningeweza kubahatisha, lakini muuguzi alikuwa na simu mkononi, tayari kunisahihisha. Nilifikiria kitambaa cha suti. Nilifikiria majirani wa pande tatu.

"Anaandika yeye," nikasema. "Msaidizi. Picha anatafuta yeye, maelezo anaandika yeye, na kuweka anaweka yeye. Mimi nilimpa neno la siri."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namsimamia."

Muuguzi alikohoa. Nina hakika hakuwa na kikohozi.

Mjomba hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Alivuta kiti cha meza yangu akakaa. "Mimi nilidhani ni wewe," alisema. "Kila jioni nikifika nyumbani namsomea mke wangu. Namwambia, mpwa wangu ameiva. Nilimwambia ananisikiliza nikizungumza na yule dada, anayaandika vizuri kuliko ninavyoyasema." Akavua miwani akaipangusa kwa shati. "Viti vimejaa. Neno langu liko pale pale. Kumi na viwili nilikwambia uvijaze, na mama huyu ndiye wa kumi na mbili. Jumatatu saa mbili wataingia hapa na watauliza maswali kama hili. Wewe niambie, niwaweke mbele yao nani?"

Hapo ndipo mtu anapotakiwa aseme, niweke mimi, nitasoma Jumamosi na Jumapili. Mdomo niliufungua. Lakini muuguzi alikuwa ameniinamia, amesahau hata kuandika jina lake, anasubiri. Mtu huyu anataka leseni ili akiitwa zamu ya dharura asisubiri mtu wa kumpeleka. Alikuwa amelieleza hilo wakati anaingia, nami nilikuwa natazama kiti tu.

"Mweke anayejua," nikasema.

"Mpigie."

Nikampigia, sauti nje. Msaidizi akapokea kabla haijaita mara ya pili. "Habari za kazi dada. Nimekosea picha gani tena?"

"Hujakosea," nikasema. "Mjomba anataka ufundishe darasa la alama."

Kwa mbali kijiko kilikuwa kinagonga sufuria.

"Dada, mimi sijawahi kushika usukani hata siku moja."

"Darasani hatuendeshi," Mjomba aliingilia. "Gari ni langu, la mchana. Wewe nakutaka asubuhi, kwenye skrini, na hao watu kumi na wawili. Swali moja tu. Unafika makutano, taa zimezimika, hakuna askari."

"Kila upande usimame kwanza," alijibu, hata pumzi hakuvuta. "Halafu unampisha aliye kulia kwako, na hata kama ni zamu yako huondoki mpaka umeona mwenzako amesimama kweli. Ulisema mwenyewe, mzee. Haki bila breki haikufikishi nyumbani."

Muuguzi akachukua kalamu mkononi mwangu akaandika jina lake mwenyewe.

"Umesikia?" Mjomba aliniuliza.

Nilikuwa nimesikia. Kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze nilikuwa nimesikia, na ilikuwa rahisi hivyo tu, jambo la kukaa kimya dakika moja.

"Nakubali," msaidizi alisema. "Lakini mzee, asubuhi ndipo nilipokuwa natafuta picha. Sasa picha atatafuta nani?"

Mjomba alinitazama mimi. Muuguzi alinitazama mimi. Nadhani hata simu ilinitazama.

Mama nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, viatu mguuni, njia ya kukimbilia iko wazi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wewe ni nani huko?" aliuliza.

"Mtafuta picha."

"Na majirani niwaambie nini?"

"Waambie nimepandishwa cheo mpaka kimepita juu ya kichwa."

Hakucheka. Suti ilishonwa, maana kitambaa kilishakatwa, na Jumatatu niliivaa kwenda kuwasha kompyuta. Msaidizi akatokea kwenye skrini. Ni mfupi, amevaa miwani mikubwa, nyuma yake kuna pazia la maua. Watu kumi na wawili wakamwamkia. Nami nikakaa nyuma kwenye stuli, kompyuta ndogo mapajani, kazi yangu ikiwa kumtumia picha ya somo la kesho kabla hajamaliza la leo.

Nikamtumia moja. Baada ya dakika mbili, huku anafundisha, ikarudi: "Asante dada. Mkanda umepinda begani."

Nikatuma ya pili. "Asante dada. Kioo cha ndani kinaonyesha uso wa dereva mwenyewe."

Ya tatu. "Asante dada. Huyu amevaa ndala."

Nilikuwa tayari kuubamiza mlango niondoke. Asante dada, asante dada, kama tone la bomba kwenye ndoo. Nikatafuta nusu saa nzima, nikaipata ya nne, nikajua hii imemaliza maneno. Mwanaume, mikono miwili, mkanda umenyooka, viatu vya kamba, macho mbele, barabara ina mstari uliokatika. Kidole kikaenda kutuma.

Nikakizuia. Mbele ya darasa alikuwa anaeleza habari ya vivuko, na fundi viatu alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayeelewa jambo mara ya tatu. Nikaikuza picha. Pembeni kabisa, karibu kukatwa, palikuwa na mguu wa mtu umeshakanyaga mstari mweupe wa kivuko, na gurudumu la mbele la yule bwana lilikuwa limeshaupita.

Nikaifuta, nikaanza kutafuta nyingine.